Endrick na baba aliyepewa kazi ya usafi: Tupeane uzoefu, nani alibeba familia wakati dogo anakua na mpira?

Beki Tatu

Wakuu, heshima kwenu.

Endrick, mshambuliaji wa Brazil, nimeanza kumfuatilia Januari 2022, akiwa na miaka 15, alipoipa klabu yake ya Palmeiras kombe la Copa São Paulo, mashindano makubwa ya vijana kule Brazil. Palmeiras hawakuwahi kulichukua kabla ya hapo. Fainali waliichapa Santos 4-0 na dogo akatangazwa mchezaji bora wa mashindano. Tangu siku ile watu wanazungumzia mguu wake wa kushoto, nguvu zake na bei yake. Mimi ninayemfikiria zaidi ni baba yake.

Kwa wasiojua: Endrick kazaliwa Taguatinga, jirani na Brasília, tarehe 21 Julai 2006, akakulia Valparaíso de Goiás. Nyumbani hali ilikuwa mbaya. Amesimulia mwenyewe kwamba akiwa na miaka kama 10 alimkuta baba yake, Douglas, analia kwa sababu ndani hakuna chakula, akamwambia atakuwa mchezaji na atawatoa kwenye shida ile. Klabu ya São Paulo ilimtaka. Lakini familia ilihitaji namna ya kuishi mjini, na hapo hawakuelewana. Palmeiras walikubali kubeba vyote viwili. Dogo akaingia kwenye timu za watoto, baba akapewa kazi ya usafi hapo hapo klabuni. Kipa wa timu ya wakubwa, Jailson, akaja kugundua kwamba mzee kila siku anakunywa supu tu kwa sababu meno yake yameharibika. Wachezaji wakachanga, akatibiwa.

Sasa fikirieni. Mtoto huyu Desemba 2022 aliuzwa Real Madrid kwa dau ambalo ukichanganya na bonasi linakaribia euro milioni 60. Kama mzee asingepata ule ufagio, huenda leo tusingekuwa tunalijua jina lake. Nimekaa na mpira wa mtaani miaka mingi na naamini hivi: watoto wetu wengi wenye kipaji tunawapoteza pale nyumbani, kwenye swali la nani atalipa kodi na nani atapika, kabla hata kocha hajapata nafasi ya kuwaharibu au kuwajenga.

Waliocheza, waliolea wachezaji, wanaofundisha, na wanaomfuata bwana mdogo huyu popote walipo, karibuni tupeane uzoefu. Nawasilisha.

Winga wa Kihonda

Mkuu, umenigusa pabaya. Mimi nilikuwa winga. Nikiwa kidato cha pili, timu ya vijana ya klabu moja ya Dar (sitaitaja) ilinitoa Morogoro kupitia ndondo. Kambini nilipata kitanda, chakula na njumu mpya. Sikuwa na cha kulalamikia.

Tatizo lilibaki nyumbani. Mama alikuwa anauza vitumbua, na mimi ndiye niliyekuwa naamka alfajiri kumchotea maji na kupeleka mchele mashineni jioni. Nilipoondoka, kazi ile ikamwangukia mdogo wangu wa darasa la nne. Akaanza kuchelewa shule. Mama naye akapunguza unga, maana hawezi kuchota, kuchoma na kuuza peke yake, na mauzo yakashuka. Habari zote nilikuwa nazipata kwa simu ya mpishi wa kambi. Ikafika siku nikaambiwa mdogo wangu kamwagikiwa mafuta mkononi akijaribu kugeuza vitumbua. Nikafunga begi asubuhi ile ile.

Hakuna kiongozi hata mmoja aliyepiga simu kuuliza nimeenda wapi. Walichukua winga mwingine. Mtu mmoja tu pale angemtafutia mama kijana wa kumsaidia kwa ujira mdogo, ningebaki. Sasa hivi ni fundi aluminiamu, namshukuru Mungu, mdogo wangu naye kamaliza chuo. Ila nikisoma habari za baba yake Endrick nakaa kimya muda mrefu.

Bin Kisauni

Salaam aleikum ndugu zangu.

Mimi nilimwona kijana yule kwa macho yangu usiku wa tarehe 23 Machi 2024, Brazil na Uingereza pale Wembley. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Tulitoka tarawehe tukaenda maskani, mtu na kahawa yake chungu na kashata, mpira ukaanza saa nne. Mechi ilikuwa 0-0 na wazee washaanza kusinzia. Dakika ya 71 akaingia badala ya Rodrygo. Dakika ya 80 Vinícius akapiga, kipa Pickford akautema, kijana kashafika. Bao. Miaka 17! Hakuna mwanamume aliyewahi kufunga mechi ya kimataifa ya wakubwa pale Wembley akiwa mdogo kama yeye. Siku tatu baadaye akafunga tena dhidi ya Uhispania, 3-3, kwenye uwanja ule ule wa Madrid aliokuwa anausubiri.

Lililonileta hapa ni jingine. Baada ya usiku ule mpwa wangu, miaka 15, alishika moto wa mpira kweli kweli. Haikupita muda akaja mtu kwa dada yangu, amevaa vizuri, ana makaratasi yenye nembo, asema atampeleka mtoto Ureno kwenye majaribio na klabu itamsajili papo hapo. Ataka pesa ya viza na ya "kufungua faili". Dada yangu alikuwa tayari kuuza cherehani.

Nikamwuliza yule bwana swali moja: kama Real Madrid yenyewe, pamoja na pesa zake zote, ilimnunua Endrick mwaka 2022 na ikalazimika kumsubiri hadi Julai 2024 atimize miaka 18, wewe utamsajilije huyu wa 15? Alibabaika, akasema atarudi kesho. Hatujamwona tena. Kanuni ya FIFA imekataza mchezaji kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache sana, na hakuna hata moja inayomhusu mtoto wa Kisauni anayepelekwa Ulaya na mtu baki. Wazazi, lishikeni hilo. Cherehani ya dada yangu ipo na inafanya kazi.

Mwanafunzi wa Rio

Habari wakuu. Nilikuwa Rio de Janeiro kimasomo hadi mwaka juzi, niongeze kidogo ya kule kule.

Kwanza, mechi ya Botafogo na Palmeiras, tarehe 1 Novemba 2023. Botafogo walikuwa wanaongoza ligi na mji mzima ulishaanza kuwapa ubingwa. Niliangalia kwenye baa ndogo si mbali na uwanja wa Nilton Santos, nimezungukwa na watu wa Botafogo. Mapumziko 3-0. Watu wanaimba, wanakumbatiana na wasiowajua. Kipindi cha pili kinaanza tu, Endrick anachukua mpira, anawapita mabeki, 3-1. Botafogo wakapata kadi nyekundu, wakakosa penalti. Dakika ya 84 Endrick tena. Nyimbo zikakatika, mzee mmoja pembeni yangu akaanza kukunja bendera yake taratibu mechi ikiwa bado inaendelea. Ikaisha 4-3 kwa Palmeiras, na mwisho wa msimu ubingwa ukawa wao, wa pili mfululizo. Wengi wanadhani safari yake ilikuwa mteremko, lakini mwanzoni mwa mwaka ule ule alipita kipindi kirefu bila bao na kocha Abel Ferreira alikuwa anamweka benchi.

Pili, hili la familia na malazi. Kule Brazil linawauma kwa sababu ya moto wa Flamengo. Tarehe 8 Februari 2019, vijana 10 wa timu ya watoto, wa miaka 14 hadi 16, waliteketea usingizini kwenye mabweni ya makontena ndani ya kituo cha mazoezi cha Ninho do Urubu. Ni moja ya klabu tajiri kuliko zote nchini mwao. Jirani yangu alikuwa na mtoto kwenye akademi ya klabu nyingine, na siku ya kumpeleka hakuangalia kiwanja kwanza. Alikwenda bwenini akahesabu milango, akaomba aonyeshwe madirisha yanafunguka. Watu wa klabu walikasirika kidogo, yeye hakujali. Nilimheshimu sana yule mama.

Straika Mstaafu

Mimi naona tusimfanye Endrick kama mtu aliyekwisha kufika. Madrid alianza kama ndoto: alilia siku ya kutambulishwa, akafunga dakika za nyongeza dhidi ya Valladolid Agosti 2024, akafunga tena dhidi ya Stuttgart kwenye Ligi ya Mabingwa, na Kombe la Mfalme alifunga mabao matano msimu wake wa kwanza, likiwemo lile la kisigino dhidi ya Celta. Halafu? Jeraha la msuli wa paja Mei 2025, kisha benchi, benchi, benchi.

Nimekaa benchi mimi, najua. Unafanya mazoezi wiki nzima kama wenzako, Jumamosi unavaa bipsi unapasha misuli pembeni hadi kipenga cha mwisho. Ukirudi nyumbani watu wanakuuliza matokeo na wewe hutaki kuyasema. Mwenzake Vitor Roque, mshambuliaji mwingine kijana wa Brazil, alikwenda Barcelona Januari 2024, hakupata nafasi, akapelekwa Betis kwa mkopo, na mwaka 2025 akarudi Brazil, hapo hapo Palmeiras, na mabao yakarudi. Vinícius naye alitukanwa misimu mitatu kwamba hajui kufunga, na mwaka 2022 akafunga bao pekee la fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Liverpool. Dogo ana umri, tumpe muda.

Mtoto wa Uvira

Ndugu Straika, niko Lyon, nakuletea habari za huku. Endrick alikuja hapa kwa mkopo Januari 2026 na tayari amepiga mabao matatu mechi moja kule Metz. Nafanya kazi ya ghala, zamu ya usiku, na vijana wa Kikomoro ninaopakia nao wanalijua kila bao lake kwa dakika. Huku amepata alichokosa Madrid, yaani kuanza mechi na kukosea na bado kuanza mechi inayofuata.

Mimi mwenyewe nilikuja Ulaya mdogo, bila wazazi, wala si kwa mpira. Ukitimiza miaka 18 kwenye nchi ambayo hujui lugha yake, kitu cha kwanza unachotafuta ni sauti ya nyumbani jioni. Ndiyo maana nakubaliana na mwenye uzi kuhusu familia.

Mama wa Namba Kumi

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari zenu. Nimesoma yote, kwa Winga wa Kihonda nimelia.

Mwanangu ana miaka 13, yuko darasa la saba. Kuna akademi ya mbali inamtaka akakae bweni. Wamekuja nyumbani wastaarabu, hawajaomba hela. Mimi nina mgahawa mdogo, baba yake ni dereva wa lori na mara nyingi yuko safari. Mtoto anataka kwenda hata leo. Mimi sijui nimuulize nani nini. Naombeni msaada, hasa wewe Beki Tatu na makocha mliopo.

Kocha wa Vumbini

Mama, marahaba. Nafundisha watoto Tanga, nakujibu kwa yale ninayoyaona kila mwaka.

Nenda mwenyewe, usitume mtu. Fika bila kuaga, ikiwezekana jioni, uone wanakula nini na wanalala wangapi chumba kimoja. Fanya kama yule mama wa Rio, angalia milango. Omba jina la shule na uende shuleni kwenyewe, umwulize mwalimu kama watoto wa akademi wanahudhuria kweli, maana wengine wanaandikishwa tu. Uliza mtoto akiumia nani analipa hospitali, nauli ya likizo ni ya nani, na atakupigia kwa simu ipi na siku gani. Wakisema "tutaangalia," basi hilo bado halina mwenyewe.

Halafu uliza kama akademi imesajiliwa na shirikisho na kama mwanao atasajiliwa kwa jina lake na tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Wakikuambia wamshushe miaka miwili, mchukue mwanao uondoke. Usajili huo una faida kwa kila mtu: mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba haujaisha, FIFA inatenga asilimia 5 ya dau kwa timu zilizomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi 23. Kwa hiyo akademi yenye akili ina sababu ya kumtunza vizuri na kuweka kumbukumbu. Na kama alipo sasa kuna timu ya mtaani iliyomfundisha, nao waandikishwe. Nimeona makocha wazee wakikosa hata senti kwa sababu hakuna karatasi.

La mwisho, waambie ukweli wa nyumbani kwako. Mwanao akiondoka, nani atakusaidia mgahawani jioni? Kama ni yeye anayeosha vyombo na kukufungia, sema hivyo mbele yao na usikie wanajibu nini. Ukipenda, niandikie faragha jina la mkoa ilipo akademi hiyo. Nina wenzangu mikoa kadhaa, mmoja wao anaweza kukusindikiza.

Mama wa Namba Kumi

Ahsante sana kocha. Nimekuandikia. Baba yake anarudi Alhamisi, tutakwenda wote wawili Jumamosi, na vyombo ni kweli anaosha yeye.