Kinyesi cha mbwa njiani na kambini: nizike au nibebe?

Mpandamlima: Wakuu, naomba ushauri. Natembea sana milimani na mbwa wangu, na mara nyingi tunalala kwenye hema. Safari iliyopita mtoto wa hema la jirani alikanyaga kinyesi akiwa peku. Cha mbwa wangu, alitoka usiku sikumsikia. Nilimwosha mguu kwa maji yangu ya kunywa huku mama yake amesimama kimya tu. Ule ukimya unanisumbua mpaka leo.

Sasa nakwenda siku tatu mahali pasipo na pipa la taka. Nizike, nibebe, au kitaoza chenyewe?

Kijiti: Pole mkuu. Swala nao wanajisaidia porini, sembuse mbwa mmoja. Kisukume kando ya njia, mvua itamaliza.

DawaYaMifugo: Kijiti, hapo nakukatalia. Swala anakula majani ya pale pale na kuyarudisha pale pale. Mbwa wetu anakula nyumbani, virutubisho vya naitrojeni na fosforasi anakwenda kuvimwaga porini. Mvua inavisomba hadi kijitoni, mwani unastawi.

Kisha kuna minyoo. Mayai ya Toxocara, minyoo ya tumboni mwa mbwa, hayaambukizi kinyesi kikiwa kibichi. Hukomaa kwenye udongo kwa wiki kadhaa, halafu huweza kudumu humo miaka. Yaani wewe unaona pamekuwa safi, kumbe mtoto akichezea udongo ule na kutia vidole mdomoni ndiyo kaambukizwa, na viluwiluwi vya minyoo hao vinaweza kufika hadi jichoni. Minyoo ya safura ya mbwa nayo hupenya ngozi ya mguu. Mpandamlima, kumwosha mara moja ulifanya vyema. Kama una mawasiliano na yule mama, mwambie akiona upele unaotambaa kama uzi ampeleke mtoto hospitali. Na mbwa apate dawa ya minyoo kabla ya safari.

MzeeWaHema: Beba. Vaa mfuko mkononi kama glovu, okota, ugeuze, toa hewa, piga fundo. Tia kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, lining'inize nje ya begi. Harufu hutaisikia.

Ninachokuomba sana: usiache mfuko kando ya njia eti utauchukua ukirudi. Giza linaingia, unapita njia nyingine, unabaki pale. Hata ile mifuko inayouzwa kuwa inaoza, mingi inahitaji joto la mtambo wa mboji, kichakani haiozi upesi. Wala usiutupe mfuko kwenye choo cha shimo, unaziba mpira wa gari la kunyonya.

Kuzika ni pale tu sheria za eneo zinaporuhusu na watu ni wachache: shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwenye maji, njia na mahema.

Usiku mbwa alale umemfunga kamba, na umtoe mwenyewe kwa tochi kabla ya kulala.

Kijiti: DawaYaMifugo, hilo la mayai kukaa miaka sikulijua. Nafuta ushauri wangu.

Mpandamlima: Asanteni sana, kopo nimeshatenga, na yule mama nitampigia leo. Je, mbwa akiharisha njiani?

MzeeWaHema: Chukua sepeto ndogo ya bustani. Mwagia udongo mkavu juu, subiri unyonye, kisha chota vyote pamoja na tabaka la chini yake, tia mifuko miwili. Mpe maji mara kwa mara, na asipopata nafuu mkatishe safari.