Faili la tiba ya mazungumzo kufungwa kwa sababu ya safari ya nyumbani

Kutoka: Bi Rukia, Leicester

Ndugu zangu, assalaam alaykum, na wasio Waislamu nawasalimu kwa heshima.

Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kukutana na jambo hili. Nyumba ya wazee niliyokuwa nikifanyia kazi ilipunguza wafanyakazi, nami nilikuwa nimetoka katika ndoa ya miaka mingi, na mwanangu wa mwisho alikuwa amehamia Bristol kwa masomo. Tangu hapo nimekuwa mtu asiyejua siku yake ianzie wapi. GP, yaani daktari wangu wa mtaa, alinishauri nijiandikishe mwenyewe kwa tiba ya mazungumzo ya NHS, huduma ya afya ya umma, wanayoiita Talking Therapies. Nikajaza PHQ-9 na GAD-7, zile fomu za maswali ya kupima huzuni na wasiwasi, nikafanyiwa tathmini kwa simu, na hatimaye nikapangiwa mtaalamu wa kuonana naye kwa video kila wiki.

Sasa mama yangu amepatwa na kiharusi, nami nakwenda Tanga kumuuguza kwa wiki kadhaa. Nilimweleza mtaalamu kwamba kule kuna intaneti ya kutosha na chumba cha kufunga mlango. Baada ya siku chache niliandikiwa barua kwamba vikao haviwezi kufanyika nikiwa nje ya nchi, kwamba faili langu linafungwa, na kwamba nikirudi nianze upya.

Maswali yangu ni mawili. Je, wana haki ya kulifunga faili badala ya kulisimamisha mpaka nirudi? Na je, wataalamu hawa wa mtandaoni humsaidiaje hasa mtu mzima ambaye hana maradhi ya akili, ila maisha yake yote yamegeuka kwa wakati mmoja? Nauliza la pili kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kumwelewa mtaalamu wangu, na sitaki kuanza tena na mwingine bila kujua nitarajie nini.

---

Kutoka: Juma, Reading

Shikamoo Bi Rukia, na pole sana kwa maradhi ya mama. Usihangaike kubishana nao. Ukirudi, jiandikishe tena kwenye tovuti, kwani huhitaji barua ya GP. Lengo lililowekwa ni kwamba asilimia 75 ya watu waanze tiba ndani ya wiki 6, na asilimia 95 ndani ya wiki 18.

Mimi nilipoachishwa kazi ya ghala, alama zangu za PHQ-9 hazikufika 10, na hiyo 10 ndiyo wanayoitazama. Nikapewa masomo ya kujisaidia mwenyewe kwa kompyuta, huku mtu akinipigia simu fupi kuuliza nimefika wapi, yaani ile ngazi ya pili wanayoiita Step 2. Kwa hiyo jaza fomu kwa ukweli na usijikaze, kwa sababu sisi tumezoea kuandika kwamba hatujambo hata pale tunapoumia. NHS ni moja, na walio Glasgow na Cardiff wanaweza kufanya vivyo hivyo. Ukiwa na uwezo, lipia mtu binafsi. Yeyote anayejitangaza hapa kuwa mshauri nasaha lazima awe amesajiliwa na serikali, kwa hiyo hakuna hatari.

---

Kutoka: Mama Furaha, Leeds

Kaka Juma, kwa heshima zote, mambo mawili uliyoyaandika si sahihi, na watu wanasoma barua hizi kisha wanazifuata.

La kwanza, Talking Therapies ni ya England peke yake. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao, na mtu wa Glasgow atakayetafuta fomu hiyo atapoteza muda wake. La pili, hatari ipo. Sheria ya Uingereza inalinda majina machache, kwa mfano mwanasaikolojia wa kliniki, ambaye ni lazima awe kwenye rejista ya HCPC, chombo cha kisheria cha kusajili wataalamu wa afya. Jina la mshauri nasaha halilindwi, na mtu yeyote anaweza kulibandika kwenye ukurasa wake na kuanza kupokea fedha. Bi Rukia, ukitaka mtu wa binafsi, mtafute kwanza kwenye rejista ya BACP au UKCP, vyama vya wataalamu wa tiba ya mazungumzo, na asipokuwepo umwulize amesajiliwa wapi.

Nafanya kazi ya ukalimani na nimekaa katika vikao vingi vya aina hii. Mwanamke wa Bukavu aliyekimbia vita na kulea watoto sita peke yake huulizwa kama katika wiki mbili zilizopita amekosa raha ya kufanya mambo, naye hujibu hapana, kwa kuwa hajawahi kupata nafasi ya kufikiria raha. Alama zinatoka ndogo, na anaambiwa yu mzima.

---

Kutoka: Wanjiru, Minneapolis

Dada Rukia, pole kwa yote, hasa kwa mama. Nina leseni ya ushauri nasaha ya jimbo la Minnesota, na kazi yangu kubwa ni ya mtandaoni na watu wazima walio katika vipindi vya mpito, wengi wao kutoka kwetu. Taratibu za huko kwenu sizifanyii kazi, lakini nitakueleza kwa nini mtaalamu anakataa kukuona ukiwa Tanga.

Hapa Marekani kinachohesabika ni mahali alipo mteja wakati wa kikao. Mteja wangu akivuka kwenda jimbo ambalo sina leseni yake, siruhusiwi kuendesha kikao, hata kama tumefahamiana kwa miaka. Zaidi ya karatasi kuna usalama. Kila kikao naanza kwa kumwuliza mteja yuko wapi wakati huo, na anwani ninaiandika, kwa sababu akizidiwa ni lazima nijue ni gari la wagonjwa la wapi nitakaloliita. Mtaalamu aliye Leicester hawezi kulifanya hilo kwa mtu aliye Tanga, na simu ya msaada wa afya ya 111 ya huko haitamfikia.

Sasa swali lako la pili. Aina ya kazi yangu inafuata kwa sehemu nadharia ya mpito ya Nancy Schlossberg, aliyoianza mwaka 1981, ambayo baadaye ilikuja kutazama mambo manne: hali yenyewe, mtu mwenyewe, watu wanaomtegemeza, na mbinu alizonazo. Siulizi kwanza mteja anajisikiaje. Namwomba anitajie kilichokwisha, kimoja kimoja. Aliyepoteza kazi huniambia kazi, lakini tukiendelea hutokea kwamba amepoteza pia wenzake wa zamu, fedha za kutuma nyumbani, na heshima ya kuwa mtu anayepigiwa simu ada za shule zinapofika. Kila kimoja kinahitaji kuombolezwa kwa namna yake, na wengi hawajawahi kupewa ruhusa hiyo. Kisha tunatazama kilichobaki, na hapo ndipo penye kazi zaidi.

Schlossberg aliweka pia katika mabadiliko yale yaliyotarajiwa yakakosa kutokea. Kwa watu wetu hili ni kubwa kuliko yote. Hati za kumleta mke hazikutoka, shahada ya nyumbani haikukubaliwa, nyumba ya kurudia uzeeni haikujengwa. Hakuna anayekuja kukupa pole kwa jambo ambalo halikutokea. Nimewaona wanaume wa makamo wakilia kwa mara ya kwanza pale walipoambiwa kwamba huo nao ni msiba.

Mtandao una taabu zake, na lazima zipangwe. Mteja anayeishi na ndugu huzungumza nami akiwa ndani ya gari lililoegeshwa, na tunakubaliana tangu mwanzo neno la kawaida atakalolisema iwapo mtu ameingia, ili nami nibadilishe mazungumzo mara moja. Anayetoka zamu ya usiku naruhusu azime kamera. Dakika za mwisho sigusi jambo zito, kwa sababu mtu aliyekuja ofisini kwangu hupata njia nzima ya kurudi nyumbani akiwa peke yake na mawazo yake, lakini aliye mtandaoni hufunga kompyuta na papo hapo mtoto anamwuliza chakula kiko wapi.

Na si kweli kwamba kila anayekuja kwetu ana ugonjwa. DSM, mwongozo wa Marekani wa kutambua maradhi ya akili, unatambua tatizo la kushindwa kuzoea mabadiliko, linaloanza ndani ya miezi 3 tangu jambo litokee, na kwa kawaida halizidi miezi 6 baada ya jambo hilo na matokeo yake kwisha. Lakini kwa aliyeachwa na mume, akapoteza kazi, na sasa anamuuguza mama, matokeo hayo yanakwisha lini? Ndiyo maana mimi siitegemei kalenda.

---

Kutoka: Mzee Hamadi, Hamburg

Wanangu, nimesoma yote kwa makini. Bi Rukia, Mwenyezi Mungu amponye mama.

Kwetu Lamu, mtu hakuachwa avuke peke yake. Msichana alikuwa na somo wake wa kumfunda, mjane alikaa eda miezi 4 na siku 10 na kila mtu alijua yuko wapi na anahitaji nini, na khitma ilisomwa nyumba ikiwa imejaa. Marehemu mke wangu alipofariki hapa Hamburg, jirani wa ghorofa ya juu hakujua kwa muda mrefu. Nilimsomea kwa simu, nikiwa na ndugu zangu upande wa pili, na mawasiliano yakikatika mara kwa mara. Baadaye daktari akanipeleka kwenye Sprechstunde, yaani kikao cha kwanza cha tathmini kwa mtaalamu, nikapewa fomu ya PTV 11 yenye matokeo yake, nikapiga simu ya 116117 kutafuta nafasi ya tiba. Nafasi ilipatikana, lakini Krankenkasse, yaani bima ya afya, hailipi mkalimani, nami msiba wangu siwezi kuueleza kwa Kijerumani cha bandarini.

Na kuna hili la pasipoti, ambalo ni sehemu ya shida hiyo hiyo. Sisi Wakenya tumeruhusiwa uraia wa nchi mbili tangu Katiba ya 2010, lakini ndugu yetu wa Tanzania aliyechukua pasipoti ya huku hupoteza uraia wake, na huenda kumzika mama yake akiwa mgeni. Hakuna mtaalamu wa video atakayeliondoa hilo.

---

Kutoka: Juma, Reading

Mzee wangu, shikamoo. Suala la uraia tulishalijadili hapa mwaka mzima na watu wakakosana; naomba tusilirudie chini ya swali la Bi Rukia. Mama Furaha, kuhusu usajili nimekuelewa, ingawa ungeweza kunisahihisha bila kuwatangazia watu kwamba ninawapotosha. Lakini hapo kwenye uzoefu wangu wa Step 2 sijakosea: ngazi hiyo ilinisaidia, na wapo wanaohitaji hicho tu.

---

Kutoka: Wanjiru, Minneapolis

Mzee Hamadi, hayo ya eda na khitma ndiyo ninayowauliza wateja wangu mapema kabisa: ni desturi ipi ilipaswa kufanyika na haikufanyika? Mara nyingi tunaifanya kwa kuchelewa, kwa namna inayowezekana, pamoja na wale waliobaki. Kwa mteja anayesafiri, kikao cha mwisho kabla ya safari tunakitumia kuandika mpango wa wiki atakazokuwa mbali: nani atakuwa karibu naye, atalala saa ngapi, ni uamuzi gani mkubwa asiufanye akiwa kule. Dada Rukia, mwombe mtaalamu wako akufanyie hivyo kabla hujaondoka, hata kama faili wamelifunga.

---

Kutoka: Mama Furaha, Leeds

Juma, sikukusudia kukuvunjia heshima.

Mzee, na wengine mtakaohitaji mkalimani: kwa walio chini ya NHS, mkalimani ni bure, na msikubali mtoto wenu awafanyie kazi hiyo, kwa sababu kuna mambo ambayo mama hatayasema mbele ya binti yake. Semeni tangu siku ya kujiandikisha kama mnataka mwanamke au mwanamume, na mtaje Kiswahili cha wapi, kwa kuwa mtu wa Bukavu na mtu wa Tanga wanaweza kusalimiana vizuri kisha wasielewane katika jambo zito. Kama mnaogopa kwamba mkalimani wa mjini kwenu anawafahamu ndugu zenu, ombeni wa simu kutoka mji mwingine. Mwiko wetu ni kutotoa siri, lakini mteja ana haki ya kuwa na hofu yake, na sijawahi kumwona anayezungumza kwa uhuru akiwa anajiuliza nani atasikia Jumamosi kwenye harusi.