MREJESHO: Simu inayohama minara, nimeishia kwenye kalkulasi ya pai

Wakuu, wiki mbili zilizopita nilikuja nimekwama: simu iliyo ndani ya gari, inayohama mnara hadi mnara, niielezee kwa kalkulasi ipi (yaani lugha ya fomula ya kueleza michakato ya kompyuta inayowasiliana na kuhama), ya pai au ya ambienti?

Nimechukua pai, ile ya Milner, Parrow na Walker ya 1992. Kosa langu lilikuwa kutafuta ni wapi kwenye fomula simu "inatembea". Haitembei! Kinachohama ni majina ya chaneli: kituo kikuu kinaupelekea mnara wa zamani majina ya chaneli za mnara mpya, nao unalipitishia gari, basi gari linaanza kuongea kwingine. Mistari michache tu. Aliyeniambia "fuata waya, usifuate simu" (waya, yaani chaneli) ananidai soda.

Ambienti ya Cardelli na Gordon (1998) sijaitupa. Kule mahali penyewe ndipo panapohama, pakiingia na kutoka ndani ya pengine, kwa hiyo nitairudia nikifika kwenye kuta za usalama za mtandao.

Kinachonitoa jasho sasa ni baisimulesheni, kuthibitisha kwamba michakato miwili ina tabia moja. Hiyo nitaifungulia swali lake.