Huyu Grierson aliwezaje lugha zote zile za India?

Wadau naomba kueleweshwa, nimesoma habari za George Grierson, yule ofisa wa Uingereza enzi za ukoloni India, eti kazi yake ya uchunguzi wa lugha za India (Linguistic Survey of India) ina lugha 179 na lahaja 544, sasa mtu mmoja anawezaje jamani?

Jibu: Hakuzunguka kijiji kwa kijiji mkuu. Kuanzia 1894 maofisa wa wilaya waliombwa watafute wenyeji watafsiri hadithi ya mwana mpotevu kwa lugha yao, wakaongeza hadithi ya kwao na orodha ya maneno, yeye ndo akawa anachambua na kulinganisha. Vitabu vilitoka 1903 hadi 1928.

Jibu: Ila usidhani ni mtu wa mezani tu, alifanya kazi Bihar, kaskazini-mashariki mwa India, miaka mingi na kitabu chake cha 1885 kuhusu maisha ya wakulima wa huko kinataja mpaka vipande vya jembe la ng'ombe kimoja kimoja kwa majina ya wenyeji wenyewe, mimi hicho ndo nakipenda zaidi kwa kweli.

Jibu: "Zote" hapana ndugu, majimbo ya Madras (kusini mwa India) na Burma (Myanmar ya leo) hayakuguswa na uchunguzi huo, kwa hiyo Kitamil cha kusini kule hakikuchunguzwa kwao kwenyewe.

Aliyeuliza: Aisee asanteni sana, kumbe hadithi ni moja ndo maana lugha zinalinganishika!