Mapezi ya kuogelea: jozi moja inatosha?

Swali: Wakuu, naogelea bwawani mara 3 kwa wiki na nimeanza kujifunza kupiga mbizi. Nina mapezi marefu ya kuvaa mguu mtupu. Nikifika mita 200 mashavu ya miguu yanakaza, na kisigino cha kushoto kimetoka lengelenge. Nifanyeje?

Jibu: Jozi moja haitoshi, ndugu yangu. Marefu ni ya teke la polepole. Kwa mazoezi ya bwawani chukua mafupi, ubao wa pezi (ile sehemu bapa ya mbele) upite vidole kidogo tu. Mimi nilikazana na marefu miezi 2, nikawa napiga teke kutoka gotini kama naendesha baiskeli. Teke litoke nyongani!

Jibu: Kwa mbizi ya mtungi wa hewa, tafuta yenye mkanda nyuma. Nunua buti za mbizi kwanza, ndipo upime mapezi ukiwa umezivaa. Lengelenge hilo nadhani ni saizi. Yavae, nyanyuka kwa vidole: kisigino kikichomoka, ni makubwa, vidole vikijikunja, madogo.

Muulizaji: Nimejaribu sasa hivi. Cha kushoto kimechomoka chote, cha kulia kimeshika. Kumbe miguu yangu hailingani! Asanteni sana.

Jibu: Basi pima kwa mguu mkubwa, mdogo uuvalishe soksi ya neoprini, ule mpira laini wa nguo za mbizi.