Tupeane uzoefu: wanaotengeneza katuni za kusogeza kwa mkono vikundini, Kigoma na Tabora

Mleta uzi, Ujiji
Habari za jioni wakuu. Tuna kikundi hapa Ujiji: akina mama, vijana wawili wa bodaboda, watoto wa shule na mzee mmoja mvuvi. Tangu Idi ipite tunatengeneza filamu ya stopu mosheni. Unapiga picha, unasogeza kikaragosi kidogo, unapiga tena. Kwetu sekunde moja inakula picha 12, kwa hiyo dakika moja ni picha 720. Yetu ni ya dakika mbili, inahusu wavuvi wa dagaa.

Ziwa letu ni kitenge cha bluu kilichotandazwa mezani. Mama mmoja kazi yake ni mawimbi tu: anabana mkunjo kwa vidole viwili, anausogeza kiasi cha punje ya mchele, anatoa mkono, anasema "piga". Siku ya kwanza tulikaa saa tatu tukapata sekunde sita. Tulipozicheza kwenye simu, ziwa likatembea. Yule mama alinyamaza kabisa, kisha akaomba tuirudie mara nne.

Kinachotutesa ni mwanga. Tunapiga dirishani, wingu likipita picha inafifia, likiondoka inang'aa. Filamu inapepesa kama balbu inayotaka kuungua. Nyie mnafanyaje?

Mama wa Kibirizi
Ziba dirisha, ndugu yangu. Sisi tunatundika blanketi, tunawasha balbu moja, na kwenye simu tunafunga mwanga na fokasi visijirekebishe vyenyewe. Halafu kila mtu abaki aliposimama. Shati jeupe likisogelea meza linarudisha mwanga kwenye picha. Tuligundua hilo tukiwa tumeshapoteza picha mia mbili na kitu. Siku nyingine umeme ulikatika tukamalizia na taa ya sola, rangi yote ikageuka. Tukarudia tukio zima. Watoto wawili walilia.

Mdau wa Sikonge
Kwetu shida ilikuwa udongo. Wa mfinyanzi ukikauka unapasuka, shingo za vikaragosi zinakatika katikati ya tukio. Bibi mmoja mfinyanzi wa vyungu akatuambia tuache maji. Tukatwanga udongo mkavu, tukauchekecha kwa kitambaa, tukayeyusha nta ya nyuki (huku Tabora haina shida kupatikana), tukachanganya vyote na mafuta ya kupikia. Haukauki. Ndani tunapitisha waya mwembamba uwe kama mfupa. Nta ikizidi, asubuhi unakuta umekuwa mgumu. Ushike kwanza kiganjani upate joto. Tulijaribu na mawese, nyuso zote zikawa rangi ya chungwa.

Kijana wa Mwanga, Kigoma
Izungushieni chaki sakafuni miguu ya stendi ya simu. Ikigongwa mnairudisha palepale.

Mleta uzi, Ujiji
Asanteni sana, blanketi tumeshatundika na chaki ipo.

Niwaeleze habari ya mzee wetu. Huja siku za mbalamwezi tu, kwa sababu mwezi ukiwa mkali dagaa hawajikusanyi kwenye taa, wavuvi wanapumzika. Alipoona kazi yetu mara ya kwanza akasema, "Wavu wa dagaa hauvutwi hivyo wanangu, hapo mnavuta ndoo kisimani." Akachukua vimtumbwi vyetu viwili, akaviunganisha kwa vijiti, akaning'iniza taa juu, akashusha kipande cha chandarua katikati. Akakiinua polepole, pembe zote kwa pamoja. Tukafuta picha 90. Vijana walikasirika, lakini naona tulifanya sawa, maana watakaoitazama kwanza ni wavuvi wenyewe, na wavu wa uongo wangeuona mara moja. Sasa wavu anausogeza yeye, na mkono wake hautetemeki.

Mwezi mpevu unakaribia, atakuja. Tumebakiza sekunde arobaini za usiku. Mwenye njia ya kuonyesha mwanga wa karabai ukicheza juu ya maji ya kitenge, karibu.