Mafundi umeme wa magari Dar: betri mbili, chaja na hita vimekwenda, kumbe ugonjwa ni bolti ya buku

Wakuu, uzi huu nilitaka kuufungua Jumamosi, mama watoto akaniambia nilale kwanza la sivyo nitaandika matusi. Nimelala siku tatu. Hasira iko palepale, matusi nimeyaacha.

Nina kempa. Kwa ambaye hajawahi kuiona, ni Toyota Hiace ya 1996, dizeli, imefungwa vitanda, sinki, friji ndogo na jiko hukohuko Japani. Nyuma ina betri yake ya pili kwa ajili ya taa na vifaa vya ndani, mbali na ile ya kuwashia gari. Chini ya kiti kuna hita inayonyonya dizeli kwenye tanki la gari, inaichoma ndani ya chemba yake, hewa ya moto inapulizwa ndani na moshi unatokea chini kwa ekzosi yake yenyewe. Ubavuni kuna tundu la kuchomeka umeme wa nje.

Najua mchangiaji wa kwanza atauliza: hita, Dar? Unaumwa? Ndugu yangu, ningekuwa nalala Kigamboni tu nisingeigusa, huku hata feni haitutoshi. Gari nililinunua la safari. Nenda Njombe mwezi wa sita usiku, au kalale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, juu ya mita 2,200, halafu uje uniulize hita ya nini.

Balaa lilianzia kwenye chaja.

Gari limetoka bandarini, nimelipa kila cha kulipa mpaka uchakavu, nikalipeleka gereji moja Tabata. Kwangu ni Kigamboni, kwa hiyo ni kuvuka daraja, kulipa tozo, kushika Mandela, foleni, jua. Nilitaka kitu kimoja: waya wa umeme wa nje ubadilishwe plagi, maana ile ya Kijapani ina vibapa viwili, haiingii kwenye soketi zetu. Nikavuka barabara kunywa chai kwa mama ntilie. Kosa langu hilo, nalikubali. Narudi, fundi kashakata kichwa cha Kijapani, kafunga cha pini tatu, kachomeka ukutani. Harufu niliisikia kabla sijaona moshi.

Umeme wa nyumbani Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Hii si siri ya wahandisi, imeandikwa ubavuni mwa chaja yenyewe, AC100V, kwa tarakimu hizihizi tulizofundishwa darasa la kwanza. Huhitaji kujua Kijapani. Na ukizidisha volti mara 2.3 kwenye kitu kama birika la umeme, nguvu inayochoma ndani haiongezeki mara 2.3, inaongezeka zaidi ya mara tano, kwa sababu mkondo nao unapanda pamoja na volti. Kilichohitajika ni transfoma ya kushusha 230 kuwa 100, na Kariakoo zimepangwa madukani kama sufuria.

La pili nililigundua baadaye nilipoifungua ile plagi. Waya mweusi kaupeleka kwenye nyutro (njia ya umeme kurudi), mweupe kwenye laivu (yenye moto). Kwa mazoea ya zamani tuliyorithi kwa Waingereza, mwekundu ndio laivu na mweusi ni nyutro. Japani mweusi ndio wenye moto! Maana yake swichi za mle ndani zingekuwa zinakata nyutro, na kifaa kinabaki na moto hata ukikizima. Watoto wangu wananawa kwenye sinki la bati humo humo.

Fundi alisemaje? "Bosi, hiyo chaja ilishakufa tangu Japani, ndio maana wakauza gari." Nikanunua chaja ya volti zetu, 320,000, na ufundi juu. Nililipa mimi, kwa mkono wangu. Sijui nilikuwa nimelogwa.

(Maikrowevu ilipona kwa sababu haikuwa imechomekwa. Lakini nyuma yake imeandikwa 60Hz, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Japani mashariki wanatumia 50, magharibi 60, na sisi ni 50. Transfoma inashusha volti tu, haigeuzi hiyo namba. Sasa hivi ni kabati la vitafunwa.)

Wiki mbili mbele taa za ndani zikaanza kufifia kila friji ikiwaka, na hita ikawa inagoma. Nikaelekezwa fundi mwingine, Ilala, "huyu ni mtaalamu wa umeme, usihangaike". Mtaalamu akapimaje betri? Akachukua kipande cha waya, akagusisha chanya na hasi, cheche ikaruka. "Unaona bosi? Cheche dhaifu hiyo, betri imekwisha." Hicho ndicho kipimo. Cheche. Tukaenda kununua N70 mpya, 270,000. Akawasha gari, akawasha hita, ikanguruma, joto likatoka, saa nane mchana, wenzake wakawa wanamcheka anavyovuja jasho. Nikaondoka nimeridhika.

Wiki hiyohiyo hita ikagoma tena. Nikarudi. "Aa bosi, betri za duka lile feki, twende kwa mwingine." N70 ya pili, 270,000 nyingine. Na zote hizi ni betri za kuwashia gari, kazi yake ni kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache kisha altaneta, jenereta ya injini, iijaze. Ya kulalia taa na friji usiku kucha inatakiwa iwe ile aina ya sola, inayovumilia kushuka taratibu. Muuzaji hakusema, fundi hakusema.

Hilo la gari kuwa limewashwa wakati wa kujaribu hita liwekeni akilini. Nitalirudia.

Basi tukaenda Njombe. Karibu kilomita 700, Kitonga tumepanda nyuma ya lori kwa mwendo wa konokono, tumefika jioni tumechoka. Usiku wa manane baridi ikaingia. Nawasha hita: feni inazunguka, pampu ya dizeli inagonga tak, tak, tak, nje unatoka moshi mweupe, halafu kimya. Taa nyekundu inakonyeza. Narudia, vilevile. Mara ya tatu nikaacha, maana ule moshi mweupe ni dizeli inayonyunyizwa bila kushika moto, nikaogopa. Watoto walilala na masweta mawilimawili na khanga za mama yao shingoni. Mama watoto hakusema neno mpaka alfajiri, ndipo akauliza: "Hizi betri mbili tumekuja nazo za nini, za kukalia?"

Nilimpigia fundi usiku uleule, nilitaka na yeye asilale. Jibu lake: "Bosi, washa injini, iache ingurume, nyie laleni."

Hapo ndipo nilipofika mwisho na huyu mtu. Gari limesimama, madirisha yamefungwa, watoto wamelala, injini inatema moshi chini yao hadi asubuhi. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Inaanza na kichwa kuuma na usingizi mzito, na usingizi tayari unao, kwa hiyo hutajua. Ushauri wa kuua familia nzima ameutoa kwa sauti ya mtu anayekuelekeza kituo cha daladala.

Mngedhani nimejifunza. Sikujifunza. Niliporudi Dar nikaenda kwa wa tatu. Huyu hakupima hata kwa cheche. Aliitazama hita, akasema imekufa, yeye anayo nyingine ya mtumba, 650,000. Ile yangu akaitaka "kama chuma chakavu". Namshukuru Mungu nilikataa. Akafunga ya kwake, na humo akaunganisha hita na friji kwenye waya mmoja mwembamba wa 1.5, wa kufungia taa za nyumbani. Fyuzi ikakatika siku ya pili. Nikarudi, akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akairudisha mahali pake. Akanipa dole gumba!

Fyuzi ipo ili ife yeye, waya upone. Ukiivika karatasi ya sigara umeamua kwamba kitakachoungua ni waya, na waya huo unapita chini ya godoro. Nililala kifudifudi uvunguni jioni ile kuangalia, ganda lilikuwa limeshaanza kulainika. Na wakati nipo hukohuko nikaona bomba la ekzosi ya hita limechomekwa tu, halina klempu. Ukilivuta kwa vidole viwili linatoka mkononi.

Kwa matengenezo sikumrudia tena. Nilienda Kariakoo nikanunua multimita, kipimo cha umeme, 35,000, nikashinda Jumapili nzima na gari. Nikatoa takataka zake zote, nikarudisha hita ya zamani na nyaya za Kijapani. Mimi si fundi, kazi yangu ni ya ofisini. Nilichofanya ni hiki tu.

Injini imezimwa, hita imezimwa: betri 12.7, kwenye hita 12.6. Safi, na hapo ndipo wengi wanaishia. Nikawasha hita. Ikianza, gloplagi yake (kijiti cha umeme kinachowasha dizeli) inavuta ampea karibu kumi. Nikapima wakati huo: kwenye betri 12.3, kwenye hita 10.1. Hita za namna hii zikiona volti zimeshuka karibu na 10.5 zinajizima zenyewe. Kwa hiyo hita haikufa, betri haikufa. Kuna volti 2.2 zinapotelea njiani. Njia ziko mbili, ya kwenda na ya kurudi. Nikaweka ncha moja ya kipimo kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya hita: 0.3. Nikahamia upande wa hasi: 1.9.

Upande wa hasi wote unarudi kwenye bolti moja iliyoshikilia ethi kwenye chesisi, chini ya sakafu. Hapo ndipo upepo wa chumvi wa Kigamboni umefanya kazi yake. Ilikuwa nyekundu kama ngeu. Nikaifungua, nikasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, nikaweka bolti mpya, grisi juu. Bolti shilingi 1,000, msasa 500. Nikapima tena hita inawaka: betri 12.3, hita 11.9. Ikashika. Nikakaa ndani ya Hiace na hita inapuliza, Kigamboni, saa tisa mchana, jasho linatiririka, nalia kidogo.

Sasa rudini kule Ilala. Kwa nini hita iliwaka uani kwa fundi? Kwa sababu injini ilikuwa inanguruma na altaneta inaleta volti 14 na kitu. Toa mbili na ushee za kutu, zinabaki karibu 12, hita inaridhika. Njombe injini imezimwa, hesabu inagoma. Ndiyo maana aliniambia niwashe injini! Dawa aliijua kwa mazoea, ugonjwa hakuutafuta.

Hesabu yangu: betri mbili 540,000, chaja 320,000, hita ya mtumba 650,000, ufundi mara nne 240,000. Jumla 1,750,000. Kwa ajili ya 1,500.

Nilirudi kwa yule wa hita niombe angalau nusu. Akanionyesha kikaratasi cha daftari alichoniandikia: "mali ikiuzwa hairudi." Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, haipo, nikiomba naambiwa mtandao ulikuwa chini siku ile.

Sijasema mafundi wote. Ila wote watatu niliowapata mimi walikuwa na sanduku zito la spana na hakuna aliyekuwa na kipimo cha 35,000. Mtu anabadilisha kifaa, kikikataa anabadilisha kingine, na kila akibahatisha anabahatisha kwa pesa yako.

MREJESHO WA KWANZA: Mnaotaka nitaje gereji, sitaji. Nikitaja mtaenda ya jirani yake mkutane na karatasi ileile ya sigara. Mnaosema ninunue gari jipya, tumeni namba nitume bili.

MREJESHO WA PILI: Mdau aliyesema mwinuko nao unaisumbua hita yuko sahihi. Njombe ni juu, hewa ni nyepesi, hita ya dizeli inapata hewa kidogo kuliko mafuta na inajaza masizi. Nimefungua chemba, masizi yapo ila si mengi, nimesafisha. Klempu ya ekzosi nimefunga mpya, na kengele ya kaboni monoksidi nimeagiza. Mpaka ifike hakuna anayelala humo na hita imewashwa, hata kama ni kwenye baridi ya Kitulo.

MREJESHO WA TATU: Mtaalamu wa cheche kanipigia leo mchana. Kasikia nimenunua kipimo. "Bosi, naomba uniazime siku moja, kuna mteja ana Coaster inamsumbua." Nikamuuliza hiyo Coaster ni ya volti 12 au 24. Akanyamaza kidogo.

"Bosi, si betri tu?"